Imeisha muda kama maziwa? Kwa nini kompyuta ya zamani humpa mgeni ufunguo wa nyumba nzima

Wiki iliyopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, tulipokea simu ya kijana mwenye steshenari. Kazi yake wengi mnaijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia wanafunzi maombi ya mkopo na ya vyuo, kuangalia matokeo ya mitihani. Aliniuliza hivi:

"Dada, mimi kompyuta yangu ni Windows 7. Inawaka, inachapa, antivirusi ninayo. Kila fundi anayepita ananiambia imeisha muda. Imeisha muda kama maziwa? Mbona haijachacha?"

Studio nzima tulicheka. Lakini swali lake ni zito, na muda wa hewani haukutosha kulijibu. Nikaahidi kuandika. Makala hii ni kwa ajili yake, na pia kwa ajili yako msikilizaji ambaye huna kompyuta nyumbani, ila kila mwaka unakwenda steshenari ukiwa na cheti cha mtoto, namba ya kitambulisho na neno la siri la barua pepe. Kompyuta ile ni ya yule kijana, lakini siri zilizomo ndani yake ni zako.

Mgeni wa sebuleni

Tuanze na jinsi kompyuta inavyogawa madaraka.

Windows ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia nyingine zote. Ndiyo inayoamua nani atumie diski, nani atumie printa, nani aone faili gani. Ndani yake kuna ngazi za mamlaka, kama ilivyo nyumbani.

Mgeni akija unamkaribisha sebuleni. Anakaa, anakunywa chai, anaangalia televisheni. Haingii chumbani kwako wala hafungui sanduku la nyaraka. Mwenye nyumba peke yake ndiye mwenye funguo zote.

Kwenye kompyuta, mgeni ni mtumiaji wa kawaida pamoja na programu anazofungua: kivinjari cha intaneti, programu ya kuandikia, mchezo, faili lililokuja kwa flashi. Mwenye nyumba ni msimamizi wa kompyuta. Na juu ya msimamizi kuna kiini cha mfumo wenyewe, mafundi wanakiita kerneli. Kerneli haizuiwi na mtu. Aliyeishika kerneli anaweza kusoma kila faili, kurekodi kila herufi inayobonyezwa, kuzima antivirusi na kujificha ili asionekane kabisa.

Mpaka kati ya sebule na chumbani ndio unaotulinda. Kwa sababu yake, mtu akifungua kwa bahati mbaya tovuti mbaya, madhara yanaweza kuishia sebuleni.

Sasa, mpaka huo umejengwa na binadamu, na kazi ya binadamu ina nyufa. Ufa unaomruhusu mgeni wa sebuleni kujipa madaraka ya mwenye nyumba ndio tunaouzungumzia leo. Wataalamu wanauita udhaifu wa kujipandisha mamlaka. Hauhitaji neno la siri la msimamizi wala ruhusa ya mtu. Mgeni anapita ukutani, na akitokea upande wa pili, mfumo unamtambua kama bwana wa nyumba.

Lakini kwanza lazima awe ndani

Hapa ndipo watu wengi wanapojifariji. Wanasema: kama ufa huu unamhitaji mtu aliyekwisha kuwa ndani, basi mimi siwezi kupata shida, maana mlango wangu nimefunga.

Ni kweli kwamba ufa wa namna hii peke yake haumleti mwizi kutoka mbali. Kwanza lazima aingie kwa njia nyingine, hata kama ni kwa miguu ya mgeni tu. Lakini hebu hesabu wageni wanaoingia kwenye kompyuta ya steshenari kwa siku moja. Flashi za wateja ishirini. Barua pepe ambazo mteja anafungua mwenyewe. Faili la wasifu lililotumwa WhatsApp. Tovuti ya kupakua nyimbo. Kila kimoja kati ya hivyo ni mgeni, na sebule ile haifungwi tangu asubuhi hadi jioni.

Kwa hiyo mashambulizi mengi makubwa huenda kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kuingia. Hatua ya pili ni kupanda. Ukisikia mtaalamu anasema udhaifu fulani ni wa hatua ya pili tu, usiupuuze. Hatua ya kwanza ikikosa ya pili, madhara yanaweza kuwa madogo. Zikikutana, nyumba imekwenda.

Mwaka 2019: nyumba namba sifuri

Nitoe mfano uliotokea kweli, na unaihusu Windows ile ile ya msikilizaji wetu.

Mwishoni mwa Februari 2019, watafiti wa usalama wa Google waligundua kwamba kuna watu wanatumia nyufa mbili kwa pamoja kuingilia kompyuta. Ufa wa kwanza ulikuwa ndani ya kivinjari cha Chrome, kwenye sehemu inayosoma mafaili. Huo ndio uliomwingiza mshambuliaji. Lakini Chrome hufungia kila ukurasa kwenye chumba chake chenye kuta, ili tovuti mbaya isiguse kompyuta yenyewe. Kutoka humo alihitaji ufa wa pili.

Ufa wa pili ulikuwa ndani ya Windows, kwenye sehemu ya kerneli inayochora madirisha na menyu unazoziona kwenye kioo. Nitaueleza kwa mfano wa kijijini.

Kila kitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta kina anwani, kama nyumba zenye namba. Sasa fikiria tarishi wa serikali ya kijiji anapewa barua na mahali pa anwani hapajajazwa. Badala ya kurudi ofisini kuuliza, anasoma sifuri, anakwenda nyumba namba sifuri. Kwa kawaida hakuna nyumba namba sifuri. Anafika, hakuna kitu, anaanguka, kazi inasimama. Ni kosa, lakini la kuudhi tu.

Kwenye Windows ya zamani, hakuna aliyezuia programu ya kawaida kujenga kibanda pale kwenye kiwanja namba sifuri. Mshambuliaji akajenga. Kisha akachezea menyu kwa namna ambayo ingeifanya kerneli ikose anwani. Kerneli, yenye mamlaka yote, ikaenda kwenye kile kibanda na kufanya iliyoyakuta yameandikwa mle. Tarishi wa serikali akatekeleza amri za tapeli, huku amevaa sare.

Google walitoa sasisho la Chrome tarehe 1 Machi 2019. Tarehe 7 Machi walitangaza habari za ufa wa Windows, na Microsoft ikautengenezea dawa tarehe 12 Machi. Lakini sikiliza walichosema Google: waliona mashambulizi hayo kwenye Windows 7 ya biti 32 tu, na waliamini kwamba ufa huo usingeweza kutumika kwenye matoleo mapya. Sababu ni kwamba tangu Windows 8, kile kiwanja namba sifuri kimewekewa uzio. Programu ya kawaida haiwezi kujenga pale. Kosa la tarishi linaweza kuwepo, lakini mwizi hana mahali pa kumsubiri.

Haikuishia hapo. Julai mwaka huo huo, kampuni ya usalama ya ESET ikatangaza kwamba imekuta ufa mwingine wa aina ile ile, tena kwenye mambo ya menyu, ukitumika dhidi ya walengwa huko Ulaya Mashariki. Nao ulizihusu Windows za zamani. Microsoft ikauziba.

Hizo ni mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili dawa ilipatikana kwa sababu Windows 7 bado ilikuwa inahudumiwa.

Basi "kuisha muda" ni nini?

Hapa ndipo jibu la msikilizaji wetu lilipo.

Microsoft ilitoa Windows 7 mwezi Oktoba 2009. Tarehe 14 Januari 2020 ikaacha kuipa masasisho ya bure ya usalama. Mashirika yaliyolipia yaliendelea kuhudumiwa hadi Januari 2023, kisha nayo yakafungiwa mlango. Windows XP iliachwa mapema zaidi, tarehe 8 Aprili 2014. Na Windows 10, ambayo ndiyo iko kwenye kompyuta nyingi za ofisi zetu, ilifikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Siku hizo zilipofika, hakuna kompyuta iliyozima. Kesho yake zote ziliwaka na kuchapa kama jana. Ndiyo maana watu hawaelewi. Maziwa yakiisha muda, pua inakuambia. Kompyuta haitoi harufu.

Kinachobadilika ni hiki: habari za nyufa zinaendelea kutoka, lakini dawa haiji tena kwako.

Fikiria kijiji chenye nyumba mia zilizojengwa na fundi mmoja kwa ramani moja. Kila mwezi fundi anapita, akikuta ufa anauziba kwenye nyumba zote. Siku moja anasema: kuanzia leo nahudumia nyumba mpya tu. Mwezi unaofuata anakuta ufa chini ya dirisha la jikoni kwenye nyumba mpya, anauziba, na kila mtu anamwona. Mwizi naye anamwona. Anajua nyumba za zamani zilijengwa na mikono ile ile. Hana haja ya kutafuta. Anakwenda moja kwa moja chini ya dirisha la jikoni.

Ndivyo ilivyo kwenye kompyuta. Wadukuzi huchukua faili la Windows kabla ya sasisho na baada ya sasisho, wanalinganisha, wanaona kilichobadilishwa. Kwa aliyesasisha, hiyo ni dawa. Kwa asiyesasisha, ni ramani iliyochorwa na fundi mwenyewe. Mfumo ulioachwa hauozi, bali maadui zake wanazidi kuujua kila mwezi huku wewe umebaki vile vile.

Jambo hili halihusu mifumo iliyoachwa peke yake. Linamhusu pia mwenye Windows inayohudumiwa ambaye amezima masasisho kwa kuogopa bando. Kumbukeni virusi vya WannaCry vya Mei 2017, vilivyofunga mafaili ya watu na kudai malipo, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Ule haukuwa ufa wa kupanda kutoka sebuleni, ulikuwa wa kuingilia kutoka mbali kupitia mtandao. Lakini somo ni moja: Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi walijenga ukuta mwaka ule.

Hata printa

Ndugu zangu wa steshenari, hili la printa ni lenu kabisa.

Ndani ya Windows kuna programu ndogo inayopanga foleni ya kazi za kuchapa. Ukibonyeza chapa mara tatu, yeye ndiye anayesema hii kwanza, hii ifuate. Kwa kuwa inahudumia watu wote, imepewa mamlaka makubwa sana.

Katikati ya mwaka 2021 iligundulika kwamba mtumiaji wa kawaida anaweza kuidanganya programu hiyo. Anaiambia kuna programu ya printa mpya ya kupakiwa, kumbe ni programu yake mwenyewe, nayo inaendeshwa kwa mamlaka ya mfumo. Udhaifu huo ulipewa jina la PrintNightmare. Microsoft ilikiri kwamba matoleo yote ya Windows yalikuwa nao, na kuanzia tarehe 6 Julai 2021 ikatoa masasisho ya dharura.

Aliyeyapokea amepona. Sasa jiulize kuhusu kompyuta ambayo fundi alizima masasisho mwaka 2020 na haijasasishwa hadi leo. Kila siku inachapa, na kila siku mlango ule uko wazi.

Si Windows peke yake

Nisije nikaonekana nina ugomvi na kampuni moja. Mifumo ya Linux, inayosifiwa kwa usalama, nayo ina historia yake. Tarehe 25 Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza ufa kwenye programu moja ndogo inayokuja na Linux karibu zote, ambao ungemfanya mtumiaji yeyote kuwa bwana wa mfumo mzima. Ulipewa jina la PwnKit. Ulikuwepo tangu programu hiyo ilipotolewa mwaka 2009. Miaka 12 na ushee, na ukuta ulikuwa unaonekana mzima.

Ulipotangazwa, watengenezaji wakatoa masasisho, na waliosasisha wakalala salama.

Hata simu yako ya Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux. Ufa ulioitwa Dirty COW, uliozibwa Oktoba 2016, ulikuwa umekaa kwenye kerneli hiyo tangu 2007, na uligusa simu za Android pia. Kwa hiyo simu ikikuambia kuna sasisho la usalama, usiibonyezee "baadaye" mwaka mzima.

Kila mfumo una nyufa. Cha kuuliza ni kama bado kuna fundi anayepita, na kama wewe unamfungulia.

"Lakini antivirusi ninayo"

Antivirusi ni mlinzi wa getini. Anawatambua wezi ambao picha zao anazo. Ana faida, usimfukuze. Lakini yeye mwenyewe anafanya kazi ndani ya mfumo. Mwizi akishika kerneli, anamwamrisha mlinzi alale. Pengine atamwacha amekaa kwenye kiti na taa yake ya kijani inawaka, wakati nyuma ya nyumba wanahamisha vitu.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wetu hawapendi nilitaje: Windows ya kuchakachua. Ile programu ndogo ya kuifanya Windows ionekane imelipiwa inaomba ruhusa ya msimamizi kabla ya kufanya kazi, na mara nyingi fundi anakuambia uzime antivirusi kwanza. Hapo mgeni hana haja ya kutafuta ufa, kwa sababu umempa funguo mkononi.

Wewe mwenye kompyuta, fanya haya

Sitakuambia ukanunue kompyuta mpya kesho. Najua bei zake, na najua ile moja ndiyo inayolipa ada ya mtoto. Anza na yaliyo ndani ya uwezo wako.

Kwanza, jua una nini. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, bonyeza Enter. Kitatokea kibao kinachotaja jina na toleo la Windows yako.

Pili, kama ni Windows 10, hujachelewa. Microsoft imeweka mpango wa kuongeza masasisho ya usalama kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Lazima toleo liwe 22H2 na uwe na akaunti ya Microsoft. Unaweza kujiunga bure kwa kukubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, au kwa kulipa dola 30 mara moja. Nafasi ya kujiunga utaiona kwenye Settings, sehemu ya Windows Update.

Tatu, kama bando ndilo tatizo, jipangie siku. Microsoft hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, kwa saa zetu ni kama saa mbili au saa tatu usiku. Mara moja kwa mwezi nunua bando la usiku, acha kompyuta ipakue, asubuhi iwashe upya. Liweke kwenye hesabu za biashara kama unavyoweka karatasi na wino.

Nne, kama kompyuta ni nzee mno kwa Windows 11, na nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliki, fikiria kuweka Linux. Linux Mint kwa mfano ni ya bure na inaendelea kuhudumiwa. Kwa kompyuta yenye RAM ya GB 4 inakwenda vizuri. Inakuja na programu ya kuandika barua na kupiga mahesabu. Kabla hujafuta chochote, mwambie fundi aiwashe kutoka kwenye flashi ili ujaribu kama printa yako inaitambua. Ikikubali, endelea. Isipokubali, hujapoteza kitu.

Tano, kama hakuna kati ya hayo linalowezekana sasa, punguza wageni. Ile ya zamani itoe kwenye intaneti kabisa, ifanye ya kuchapa na kutoa kopi. Kazi za mtandaoni zifanyike kwenye kifaa kingine kinachosasishwa, hata kama ni simu. Hapa studio kwetu tunayo kompyuta ya namna hiyo. Inarekodi matangazo vizuri, na programu yake haikubali kuhamia kwenye Windows mpya. Tulichofanya ni kung'oa waya wa mtandao. Inafanya kazi hadi leo, lakini haina mgeni wa mbali. Flashi zinazoingia humo ni zetu wenyewe.

Sita, usifanye kazi za kila siku kwa akaunti ya msimamizi. Tengeneza akaunti ya kawaida, msimamizi abaki kwa kazi za kuweka programu. Nyufa tulizozungumzia zinaweza kuuruka mpaka huo, ndiyo, lakini mwizi atalazimika kuwa na ufa huo. Ukitumia akaunti ya msimamizi, umemwondolea hata kazi ya kuutafuta.

Na ninyi viongozi wa vyama vya ushirika, shule na zahanati: kwenye kompyuta zenu kuna majina ya wakulima na kilo walizopima, alama za wanafunzi, kumbukumbu za wagonjwa. Hakikisheni kuna nakala kwenye diski ya nje inayochomolewa na kufungiwa kabatini. Na kwenye kikao kijacho ulizeni: kompyuta yetu ni toleo gani, na ilisasishwa lini mara ya mwisho? Kama hakuna anayejua, mmeshapata kazi ya kuanzia.

Wewe mteja, fanya haya

Kama maombi yanaweza kufanyika kwenye simu yako, yafanye kwenye simu yako. Andaa faili, kisha peleka steshenari faili la kuchapwa tu, usiende kufungua barua pepe yako pale.

Ikibidi uingie kwenye akaunti yako hapo, chapa neno la siri mwenyewe na ukatae kivinjari kisilihifadhi. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Wengine huamini dirisha la siri la kivinjari linatosha. Dirisha hilo linamficha mteja anayefuata asione ulikopita. Halimfichi aliyeishika kompyuta yenyewe, maana yeye anaona herufi zinapobonyezwa. Kwa hiyo ukifika nyumbani, badilisha neno la siri ukitumia simu yako, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili ili hata mwenye neno lako la siri akwame.

Kama uliwahi kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari, ingia sasa hivi kwenye mipangilio ya WhatsApp, tafuta vifaa vilivyounganishwa, na uondoe usichokitambua.

Na namba ya siri ya fedha za simu haina kazi yoyote kwenye kompyuta ya mtu. Usiichape humo, wala usiihifadhi kwenye faili.

Jibu langu kwa msikilizaji wetu

Kaka yangu wa steshenari, kompyuta yako haijachacha. Chuma ni kizima na kazi inafanya. Ila fundi wa nyumba yako aliondoka Januari 2020, na tangu siku hiyo kila ufa anaouziba kwa jirani unamwonyesha mwizi mahali pa kupita kwako. Wateja wako hawajui hilo. Wanakuja na vyeti vya watoto wao kwa sababu wanakuamini wewe.

Anza na lile la tano, halikugharimu senti: leo jioni ing'oe ile ya zamani kwenye intaneti. Kisha mtafute fundi mwenye flashi ya Linux mkajaribu printa. Ukikwama, piga tena simu kipindini, safari hii tutakupa muda wa kutosha.